Sura ya Tisa: Futa Isiyofuta

Muuguzi alikigeuza kibao cha kuandikia kuelekea dirishani ili Inspekta aone vizuri.

"Hiki ndicho anachochora," alisema. "Mstari mmoja tu, umeinama upande. Ukimpa karatasi nyingine, anachora ule ule. Daktari anasema mkono wa kushoto haujazoea kuandika, tusimchoshe."

"Ameanza lini?"

"Siku ile ile ulipokuja mara ya kwanza. Ulipotoka tu, akaomba kalamu kwa macho."

Inspekta, aliyekuwa ameshashika kitasa cha mlango, alikiachia. Akarudi, akavuta kiti karibu na kitanda.

Mwanamke aliyelala pale aliitwa Mama Mitambo na kila mtu aliyewahi kufanya naye kazi. Ndiye aliyekuwa akitunza kompyuta za kituo cha simu za dharura, tangu kituo kilipokuwa chumba kimoja chenye feni mbovu. Jioni ya siku ya moto kiharusi kilimwangusha jikoni kwake, kikamfunga ulimi na upande wote wa kulia. Masikio na akili havikuguswa. Hilo ndilo lililomkera zaidi mumewe, dereva mstaafu wa malori, ambaye sasa alikuwa amesimama pembeni na kofia mkononi: mkewe alikuwa akisikia yote aliyosingiziwa, na hakuwa na kinywa cha kujibu.

Na aliyosingiziwa hayakuwa madogo. Alfajiri ya siku hiyo kiwanda cha magodoro kiliungua, na wafanyakazi wa zamu ya usiku wakafia ndani. Mlinzi wa lango alikuwa rumande, mikono yote miwili imefungwa bandeji, akishtakiwa kwa uzembe uliosababisha vifo. Walisema alilala, akazinduka moto umeshika paa. Yeye aliapa kwamba alipiga simu ya dharura mapema, moto ukiwa bado kwenye stoo moja, akajibiwa kwa kejeli na kukatiwa. Kampuni ya simu ilithibitisha kuwa simu ilipigwa. Msimamizi wa zamu pale kituoni naye hakukana: simu iliingia, ila ilikuwa bubu, hakuna aliyesema neno.

Kila simu ya kituo hurekodiwa. Rekodi ya simu hiyo ilifutwa mchana wa siku ile ile, kabla nakala ya akiba haijachukuliwa. Na kumbukumbu za kompyuta zilitaja akaunti iliyoifuta. Ilikuwa ya Mama Mitambo.

"Mama," Inspekta alisema, akauchukua mkono wa kushoto. "Mimi nitauliza, wewe unibane. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Sawa?"

Mkono ulibana mara moja, kwa nguvu ambayo hakuitegemea.

"Mstari huu ni herufi?"

Mara mbili.

"Ni njia? Ramani ya mahali?"

Mara mbili, haraka haraka, kama mtu anayefukuza nzi.

Mume alikohoa. "Samahani, Afande. Mke wangu huwa hana subira na maswali ya kuzunguka."

"Ni alama ya kwenye kompyuta?"

Mara moja.

Inspekta alitoa mkobani karatasi zilizochapishwa na maabara ya polisi. Zilikuwa na amri zote zilizoandikwa kwenye akaunti ya Mama Mitambo siku ya moto, jinsi zilivyoandikwa, na saa pembeni. Alishusha kidole taratibu kutoka juu mpaka chini, akarudia. Hakuona mstari wowote ulioinama namna ile.

"Mama, alama hii haimo humu."

Mara moja.

"Haimo. Na wewe unataka nijue kwamba haimo?"

Mkono ulibana na haukuachia. Macho ya mgonjwa yalimng'ang'ania usoni, makali, yasiyo na dalili hata chembe ya ugonjwa. Katika miaka yake ya kazi Inspekta alikuwa amehoji watu wenye ndimi nyepesi kuliko upepo, wakaongea kutwa nzima bila kumpa hata nusu ya jambo. Huyu hakuwa na ulimi, na alikuwa amempa ushahidi.

"Nimekuelewa," alisema. "Naenda kukitafuta ambacho hakipo."

* * *

Fundi wa pili wa kituo aliitwa Ndevu, na sababu yake ilionekana kabla hajakusalimia. Mpaka siku hiyo ndiye aliyekuwa juu katika fikra za Inspekta. Alizijua kompyuta, alikaa hatua chache kutoka meza ya Mama Mitambo, na alipohojiwa mara ya kwanza alitokwa jasho mpaka kola ikalowa.

Walikutana katika chumba cha mitambo. Mashine yenyewe ilikuwa imefungwa lakiri. Mezani palikuwa na nyingine, yenye nakala kamili iliyotengenezwa na maabara. Ndevu aliivuta kibodi upande wake. Inspekta akairudisha.

"Wewe utasema, mimi nitaandika."

"Bado unanishuku, Afande?"

"Namshuku kila mtu mwenye vidole. Huu ni nini?" Akamwonyesha mchoro wa hospitali.

Ndevu aliutazama, akatabasamu licha ya hali yake. "Huo ni mkwaju wa nyuma, alama ya mstari ulioinama kinyumenyume. Uko hapo kwenye kibodi, karibu na kidole chako."

"Unafanya nini?"

"Inategemea umeuweka wapi. Ukiuweka mbele ya amri, unaiambia kompyuta: achana na majina ya utani, fanya amri yenyewe."

"Kompyuta zina majina ya utani?"

"Amri ndizo zenye nayo. Tazama." Alinyoosha kidole kwenye dirisha jeusi lenye mwanga unaopepesa kusubiri maandishi. "Hapa hakuna picha za kubonyeza. Unaandika neno, kompyuta inatenda. Ukiandika r na m, halafu jina la faili, inafuta. Haikuulizi, haikuonyi. Ndivyo ilivyozaliwa. Lakini unaruhusiwa kuifundisha tabia nyingine. Unaiambia: kuanzia leo, nikisema neno hili, wewe elewa maneno yale. Mimi, kwa mfano, nimeifundisha kwamba nikiiambia ifute, iniulize kwanza kama nina uhakika. Maana nina haraka ya mkono."

"Kwa hiyo neno la kufuta kwako na neno la kufuta kwa mwenzako linaweza kuwa na maana mbili."

"Linaweza. Kila mtu ana akaunti yake na majina yake. Ni kama mfuko wa koti, huingizi mkono kwenye wa mwenzio."

Inspekta aliigeuza karatasi ya maabara kumwelekea Ndevu, kidole kikiwa kwenye mstari mmoja: r, m, na jina refu la rekodi ya simu ya mlinzi.

"Hapa hakuna mkwaju."

"Hakuna."

"Na kumbukumbu zinaandika nini? Neno lililoandikwa, au jambo lililotendeka?"

Ndevu aliisogeza karatasi karibu na macho. "Neno," alisema polepole. "Zinaandika neno kama lilivyochapwa."

"Basi tuko kwenye akaunti yake. Nitengenezee faili la bure."

Alimtajia herufi, Inspekta akazichapa kwa kidole kimoja. Faili likazaliwa, tupu, likaitwa jaribio. Akaandika r na m, akaandika jaribio, akabonyeza. Kompyuta ilinyamaza. Aliomba orodha ya mafaili, jaribio halikuwamo.

"Limefutika," Ndevu alisema, na sauti yake ilikuwa imenywea.

"Hapana. Limetoweka. Nataka kujua kama limefutika. Kuna namna ya kuiuliza kompyuta hili neno kwake lina maana gani?"

"Ipo."

Alimtajia. Inspekta akachapa, na jibu likatokea mstari mmoja. Hakuhitaji kutafsiriwa. Kompyuta ilisema kwamba r na m katika akaunti hii ni jina la utani, na maana yake ni: hamisha, peleka kwenye folda iitwayo .kapu.

Ndevu alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama!" alisema, kama vile yule mama alikuwa mlangoni. "Nimekaa naye miaka yote hii, hajawahi kuniambia! Nukta mbele ya jina, Afande. Folda ikianza na nukta haionekani kwenye orodha ya kawaida. Yeye akitaka kufuta kwelikweli alikuwa anatanguliza mkwaju. Asipoutanguliza, hakuna kinachofutika. Kinakwenda kapuni, kinasubiri."

"Na mtu asiyemjua akiketi kwenye kiti chake?"

"Atafuta, atahakikisha, ataona hakipo, ataondoka anapiga mluzi."

Ndani ya .kapu mlikuwa na vitu viwili. Kimoja kiliitwa jaribio. Cha pili kilikuwa na jina refu, lenye tarehe ya moto.

Inspekta aliondoa mikono kwenye kibodi. Alimwita askari wa mlangoni aingie awe shahidi, akamwagiza aandike saa, akapiga picha kioo cha kompyuta, na hapo ndipo aliporuhusu sauti isikike.

Ilikuwa sauti ya mwanamume mtulivu. Alitaja jina la kiwanda, barabara, na lango la kuingilia. Alisema moto uko stoo ya sponji. Alisema watu wako ndani na mlango wa nyuma umefungwa kwa nje, ufunguo hana, anakwenda kuuvunja, tafadhali waje haraka. Hakupayuka hata mara moja. Kisha ikaja sauti ya pili, nzito ya usingizi: "Kalale, bwana. Ukishalewa unaona moto kila mahali." Laini ikakatwa.

Askari alikuwa ameacha kuandika.

"Sauti hiyo unaijua?" Inspekta aliuliza.

"Naijua," Ndevu alisema. "Lakini mimi ulinishuku mpaka leo asubuhi. Sitaki kumtaja mtu kwa sauti tu."

Inspekta alimpenda kwa jibu hilo. "Vizuri. Basi tusimtaje kwa sauti. Mwenye sauti na mwenye vidole wanaweza kuwa wawili. Kuna neno hapa linanisumbua." Alirudi kwenye karatasi. Juu ya amri ya kufuta, dakika chache kabla, palikuwa na neno moja peke yake: leo. Maabara walikuwa wameandika kando, kwa penseli, kosa la uchapaji. "Mtu anakaa mbele ya kompyuta kufuta ushahidi, neno la kwanza anaandika leo. Kwa nini?"

Ndevu alisogeza kiti. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikunjamana kwa hasira. "Hilo si kosa. Kuna wasimamizi watatu wa zamu, na wote walikuwa wanamlalamikia Mama kwamba amri ya kuorodhesha simu za siku ni ndefu, hawaikumbuki. Akamtengenezea kila mmoja jina lake la mkato. Mmoja anaandika simu. Mmoja anaandika nione. Msimamizi wa zamu ile anaandika leo. Yeye mwenyewe Mama hakuwa nalo. Hakulihitaji, ile ndefu aliijua kichwani."

"Kwa hiyo kwenye akaunti ya Mama, leo halina maana."

"Kompyuta ingejibu hailijui. Na ndipo huyo mtu akaichapa ile ndefu, ona hapa chini, amekosea mara mbili kabla ya kupatia. Mama hawezi kuikosea hiyo hata akiwa usingizini."

Inspekta aliomba afunguliwe faili lenye majina yote ambayo Mama Mitambo aliifundisha kompyuta yake. Kazi haikulidai, alitaka tu kuliona. Halikuwa refu. Amri ya kuzima mashine alikuwa ameigeuza isizime: badala yake iliandika kiooni, Kuna watu wanapiga simu, una hakika? Amri ya kunakili ilikataa kufunika faili la zamani bila kuuliza. Kando ya kila jina alikuwa ameeleza sababu kwa maneno machache. Kando ya lile la kufuta aliandika: mkono hukosea, rekodi hairudi.

Aliyasoma yote mpaka mwisho, kisha akayasoma tena. Mtu huyu alikuwa amekaa peke yake, bila kuagizwa wala kusifiwa, akawaza kila mahali ambapo mwanadamu aliyechoka angeweza kuharibu maisha ya mwingine, akaweka mto wa kuangukia. Na hakumtangazia mtu.

* * *

Msimamizi aliingia na harufu nzuri ya manukato, shati limepigwa pasi. Alimpa Inspekta mkono.

"Mgonjwa wetu anaendeleaje? Mimi ndiye niliyempelekea maji siku ile, kichwa kilipomzidi. Alikuwa amejilaza chumba cha mapumziko. Nilimwambia, Mama, nenda nyumbani."

"Alijilaza saa ngapi?"

"Ilikuwa wakati wa chakula cha mchana. Nilikuwa nimebaki kuandika ripoti ya usiku."

Inspekta aliiangalia saa iliyokuwa pembeni ya neno leo, ikawa ni wakati huo huo, akaikunja karatasi. "Alifunga kompyuta yake kabla ya kwenda kulala?"

"Hapo sijui. Mimi kompyuta hizi za maandishi hazinihusu, mimi ni mtu wa simu."

"Nisaidie kitu kidogo, nimeshindwa. Nataka kuona simu za siku moja, kama unavyoziona wewe kila asubuhi. Keti."

Mbele yake palikuwa na dirisha jeusi, bila jina la mtu. Msimamizi aliketi, akavuta mikono ya shati, akachapa herufi tatu bila kuangalia kibodi. Kompyuta ilijibu kwamba neno leo hailijui.

Alichapa tena. Jibu lile lile.

"Hii mbovu," alisema. "Kwangu inakubali."

"Kwako, ndiyo."

Ndipo alipoanza kusoma uso wa Inspekta, kisha wa Ndevu, kisha wa askari aliyesimama mlangoni. Inspekta aliweka karatasi mezani, akaielekeza kwake.

"Hapo ulichapa mara moja, ukakumbuka uko kiti cha nani. Sasa hivi umechapa mara mbili kwa sababu hukujua. Hii ni akaunti ya Mama Mitambo. Wewe pekee katika jengo hili ndiye unayeita simu za siku kwa neno hilo, na yeye ndiye aliyekutengenezea, kwa kukuonea huruma."

"Neno tu hilo! Mtu yeyote anaweza kuandika leo."

"Anaweza. Ila huyu aliyeandika ndiye aliyefuta rekodi."

"Basi rekodi haipo. Mnanishtaki kwa hewa."

"Ipo," Inspekta alisema, akabonyeza.

Mlinzi alitaja kiwanda, barabara, lango. Msimamizi alisikiliza mpaka pale mlinzi aliposema watu wako ndani. Hakusubiri sauti yake mwenyewe. Alinyoosha mkono kuizima kompyuta kwa nguvu, askari akamwahi.

"Nilikuwa nimechoka," alisema alipotulia. "Walevi hupiga usiku kucha. Ungekuwa wewe ungejuaje?"

"Nisingejua. Ningetuma gari. Lakini kutojua si kosa nililokuja kukukamatia. Ulijua mchana wake, moto ukiwa kwenye redio zote, na ukamwacha mtu aliyeunguza mikono akivunja mlango apelekwe rumande. Ukatafuta mama aliyelala anaumwa, ukamtwika." Akamgeukia askari. "Msomee haki zake. Polepole, asikie."

* * *

Mlinzi aliachiwa kesho yake kabla ya adhuhuri. Hakutaka kwenda nyumbani kwanza. Aliomba apelekwe alipo huyo mama, na Inspekta, ambaye kwa kawaida hachanganyi mashahidi, alimpakia kwenye gari yeye na mkewe.

Wodini mlinzi alisimama mbele ya kitanda, na mikono yake iliyofungwa hakujua aiweke wapi. Mkewe ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Shikamoo, Mama. Umenirudishia mume." Kisha akaanza kuyanyoosha mashuka ambayo hayakuwa na kasoro.

Mama Mitambo alimtazama mlinzi kwa muda mrefu, kisha akatazama bandeji. Alifungua mdomo. Upande mmoja tu ndio uliotii, na sauti ilitoka kama ya mtu anayezungumza na chakula mdomoni, lakini ilitoka. "Pole."

Muuguzi alikimbilia mlangoni kumwita daktari. Mume alidondosha kofia, hakuiokota.

Inspekta alikuwa na fomu ya maelezo mkobani na maswali aliyoyaandaa. Aliyaacha humo humo. Alipiga hatua hadi katikati ya chumba, akakaza magoti, akainua mkono mpaka pembeni mwa kofia yake, akampigia Mama Mitambo saluti kamili ya mdogo kwa mkubwa wake, na hakuishusha mpaka yule mama alipomwashiria kwa kidevu kwamba inatosha.